Dodoki lililomkubalisha ami kuchomwa sindano

"Saratani haiguswi na chuma, ikiguswa inatawanyika." Maneno haya niliyasikia barazani, jikoni na hata ndani ya mashua ya Lamu kwenda Mokowe, na ami yangu akayashika kama dini, akakataa kuchomwa sindano ya kutoa kinyama kidogo kipimwe. Alikuwa na uvimbe sehemu ya juu ya pafu la kulia. Kabla ya hapo alimezeshwa dawa za kifua kikuu miezi kadhaa, ilhali kohozi lake halikuonyesha kijidudu hata mara moja. Jambo hilo laniuma hadi leo.

Kwanza nilimletea picha ya skani. Nikaiinua dirishani, nikamwonyesha uvimbe na vidoa viwili kando yake. Nilikosea. Akasema, "Si imeshatawanyika hiyo? Basi niacheni na Mola wangu."

Usiku sikulala. Asubuhi nikatwaa dodoki kavu, nikalikata, nikamwonyesha matundu. Nikalilowesha kidogo, kisha nikatia kahawa nzito kutoka kwenye dele, tone kwa tone, pembeni tu. Tukakaa kimya tukitazama weusi ukitambaa kutoka uzi hadi uzi.

"Ami, nani amelichoma hili sindano?"

Akalipokea, akaligeuzageuza.

Hapo nikamweleza nilivyofahamishwa na daktari. Seli hubanduka zenyewe zikaingia vifuko vya hewa vya jirani, au zikachukuliwa na damu, au zikapita mishipa ya limfu hadi tezi za katikati ya kifua. Pafu la kulia lina vipande vitatu, la kushoto viwili. Vidoa vikiwa kipande kimoja na uvimbe, bado kuna nafasi nzuri. Vikiwa kipande kingine cha upande huohuo, mambo ni mazito zaidi. Saratani ikifika pafu la pili, huhesabiwa hatua ya nne, yaani ya mwisho. Vyake vilikuwa kipande kimoja. Tena kovu la kifua kikuu laweza kufanana na saratani pichani, kwa hiyo lazima kitolewe kinyama kipimwe. Seli kufuata njia ya sindano ni nadra sana. Madaktari huchelea zaidi hewa kuvuja kutoka pafuni, ndiyo maana baada ya kuchomwa hukaa na mgonjwa wakamwangalia.

"Mashua yaondoka saa ngapi?" akauliza.

Mombasa walichukua kinyama, ikawa saratani kweli, wakamtoa kipande cha juu. Pesa zilikwenda laki kwa laki, tukachangishana ukoo mzima. Leo anapanda ngazi za nyumba yake mwenyewe, polepole. Dodoki lenye doa la kahawa amelitundika sebuleni, na kila anayemjia na habari za chuma huteremshiwa lile.