Nikafanya Shauri na Nafsi Yangu

Wapendwa katika Bwana, amani iwe kwenu.

Andiko letu wiki hii ni Nehemia 5:1-13, na naomba tukae zaidi kwenye mstari wa 7. Kwanza niwaeleze kilichonifikisha hapo.

Usiku mmoja nilirudi kutoka kikao cha tatu cha siku hiyo, nikakuta ujumbe wa mama mmoja tunayetumika naye katika kamati ninayoiongoza. Aliandika kwa adabu kabisa kwamba vikao vyetu vinachelewa kuanza, na wanaotoka mbali wanaumia. Nilimjibu papo hapo nikiwa nimesimama, viatu miguuni, begi begani. Mistari minne tu. Sikumtukana, lakini kila neno lilikuwa na mwiba. Kisha nikapiga magoti, nikaomba kama dakika mbili, nikalala usingizi mzuri. Huo usingizi ndio ulionitisha baadaye.

Asubuhi yake usomaji wangu wa Biblia ulikuwa umefika Nehemia sura ya 5. Ukuta wa Yerusalemu unajengwa, kazi ambayo ilikuja kumalizika kwa siku 52 (6:15). Nje kuna maadui, na wajenzi wanafanya kazi mkono mmoja, mkono wa pili umeshika silaha. Katikati ya pilikapilika hizo kunazuka kilio cha ndani. Watu wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba ili wapate nafaka. Wengine wamekopa ili walipe kodi ya mfalme wa Uajemi. Watoto wao wanatiwa utumwani, na wanaowakamua ni ndugu zao wenyewe. Nehemia, anayeongoza kazi hiyo, anasema bila kuficha kwamba alikasirika sana.

Mimi ningeitisha mkutano wakati huo huo. Yeye anasema, nikafanya shauri na nafsi yangu. Ndipo akawakabili wakuu.

Shauri hilo lilichukua saa moja au usiku mzima, Maandiko hayasemi. Tunachoonyeshwa ni matokeo yake. Nehemia anakwenda moja kwa moja kwenye riba, hapotezi neno kwa mengine. Anawauliza jambo ambalo wote wanakosa la kujibu. Anadai mashamba yarudishwe siku hiyo hiyo, anawaapisha mbele ya makuhani, kisha anakung'uta vazi lake mbele ya kusanyiko zima. Hasira haijaondoka, ila sasa inatumwa, haimtumi.

Halafu usome mstari wa 10 polepole. Hapo Nehemia anakiri kwamba yeye mwenyewe, na ndugu zake, na watumishi wake, wanawakopesha watu fedha na nafaka. Na anaposema riba iachwe, hasemi "iacheni", anasema "tuiache". Aliingia katika shauri lile akiwa na kesi ya watu wengine, akatoka akiwa amejikuta na yeye yumo. Sioni namna neno kama hilo linavyoweza kutoka kwa mtu anayejibu huku begi liko begani.

Sisi viongozi tuna kisingizio tunachokipenda, nami nimekitumia miaka: "Naomba nikiwa njiani." Hata Nehemia tunamfanya shahidi wetu, kwa kuwa katika sura ya 2 mfalme anamuuliza anataka nini, naye anamwomba Mungu wa mbinguni katikati ya swali na jibu, sala fupi kiasi kwamba hatusikii hata neno lake moja. Ni kweli, aliomba hivyo. Lakini rudini sura ya 1. Habari za Yerusalemu zilimfikia mwezi wa Kisleu. Swali la mfalme lilikuja mwezi wa Nisani. Hapo kati kuna kama miezi minne ambayo aliianza kwa kuketi, kulia, kufunga na kuomba. Ile sala ya sekunde chache ilichota kwenye kisima kilichokwisha kuchimbwa.

Wapo wanaoliogopa neno kutafakari, wakidhani ni kuacha akili tupu. Katika Yoshua 1:8 ni kinyume chake. Yoshua ndiyo kwanza amekabidhiwa uongozi, Musa amekufa, Yordani iko mbele yake na vita ng'ambo. Anaambiwa kitabu cha torati kisiondoke kinywani mwake, "bali yatafakari maneno yake mchana na usiku." Kinywani! Neno la Kiebrania lililotumika hapo, haga, ni neno la sauti. Katika Isaya 31:4 ni simba anayenguruma juu ya mawindo yake. Katika Isaya 38:14 ni mlio wa hua, naye mfalme Hezekia, akiwa mgonjwa, anaomboleza kama ndege huyo. Kutafakari, basi, ni kulinong'ona Neno, kulirudia, kulicheua kama ng'ombe anavyocheua alichokula mapema. Na ng'ombe hacheui akiwa anakimbia.

Nirudi kwenye ule usingizi. Katika karne ya 12 Bernardo, mkuu wa monasteri ya Clairvaux, alimwandikia Papa Eugenio III, aliyekuwa mtawa chini yake kabla ya kuchaguliwa mwaka 1145. Papa alikuwa akisikiliza mashauri ya watu tangu asubuhi mpaka jioni, kazi njema tu, na baba yake wa kiroho aliingiwa na hofu. Hofu yake ilikuwa kwamba shughuli zisizo na pumziko zingemfikisha kwenye moyo mgumu, nao moyo mgumu haujistukii, kwa sababu hausikii tena maumivu. Nilipokutana na onyo hilo nilikumbuka jinsi nilivyolala vizuri baada ya kumchoma mama wa watu.

Siku hizi simu yangu inalala chumba kingine. Alfajiri nachukua mstari mmoja, si sura nzima, nausema kwa sauti ya chini mpaka niache kuusoma na uanze kunisoma. Kisha naleta jambo moja la kazi, mara nyingi lile lililoniudhi jana, naliweka mbele ya mstari huo, na kumuuliza Bwana: mimi nimo wapi humu? Robo saa inatosha kuanzia. Siku nyingine mawazo yanazurura robo saa yote, nayo nayahesabu kuwa yamekwenda kwake. Tofauti ninaiona mchana, mtu anapotaka jibu na mimi naweza kumwambia, nipe mpaka kesho.

Kuhusu yule mama: nilijikuta ndani ya ujumbe wake asubuhi ile ile. Aliyekuwa akichelewesha vikao ni mimi, kwa kuvipanga mfululizo bila nafasi kati yake. Ilinichukua siku tatu kupata ujasiri wa kumfuata na kumwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimesamehe, mwenyekiti," kisha akanyamaza, na sikujua kama kweli yameisha.

Kikao kilichofuata nilifika nikakuta mlango bado umefungwa. Nikaketi kwenye ngazi, nikawa naunong'ona mstari wa 7. Muda si mrefu mama akatokea na daftari lake, akatazama saa, akanitazama mimi, akasogeza begi langu na kuketi pembeni yangu kwenye ngazi ile ile.