Nukta mbili za wino

Jioni moja ya Januari 2019, katika maabara jijini Philadelphia nilikokuwa mwanafunzi wa uzamivu, mashine inayopitisha seli moja moja mbele ya mwale wa leza ilinionyesha namba ambayo sikutaka kuiamini: asilimia 3. Katika kila seli T 100, yaani seli za damu zilizo askari wa kinga ya mwili, nilizokuwa nimezilea kwa siku tisa, ni tatu tu zilizokivaa kipokezi nilichokusudia kuzivisha. Nyingine zote zilikuwa vilevile kama zilivyotoka katika damu ya mtu aliyejitolea.

Kazi yenyewe, ukiisimulia haraka, inaonekana nyepesi. Unatenga seli T, unaziamsha kwa vishanga vidogo vya sumaku vilivyopakwa kingamwili, kisha unazipa kirusi kilichoundwa kutokana na kile cha UKIMWI, kikanyang'anywa uwezo wa kuzaliana, hata kazi yake ikabaki kubeba jeni na kuipandikiza. Kwa jeni hiyo seli hutengeneza kipokezi cha mseto: nje ya utando wake hujitokeza kipande cha kingamwili kinachoishika protini iitwayo CD19, iliyo juu ya seli za saratani ya damu, na ndani huwa na mikia inayopeleka amri ya kuua na ya kuongezeka. Mwanasayansi wa kinga Zelig Eshhar na wenzake walikuwa wameonyesha nchini Israeli, tangu 1989, kwamba vitu hivyo viwili vinaweza kuungana. Na ni katika mji huohuo niliokuwamo ambapo Emily Whitehead, msichana wa miaka sita mwenye saratani ya damu, alitibiwa mwaka 2012 kwa seli zake mwenyewe, akakaribia kufa kwa homa iliyozushwa na seli hizo, akaokolewa kwa dawa ya baridi yabisi. Mimi, miaka saba baadaye, nilishindwa hata na seli za kwenye chupa.

Nilirudi kwenye friza. Juu ya kifuniko cha kichupa cha kirusi palikuwa na nukta mbili za wino mweusi, nilizozitia kwa mkono wangu: kilikuwa kimeyeyushwa na kugandishwa tena mara mbili kabla ya siku ile. Kirusi cha namna hii kimefunikwa na utando laini wa mafuta, na kila kinapogandishwa na kuyeyushwa nguvu zake hupungua. Nilikuwa nalijua jambo hilo. Ila kutengeneza kirusi kipya kulichukua karibu juma zima, nami niliona haya kuomba.

Saa nne usiku nilimpigia mama, kwani Tanga ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, naye wakati huo huwa ameshaswali. Baada ya shikamoo na marahaba nilijaribu kumweleza kilichoniudhi. Akaniuliza kwa nini askari wa mwili wasimwone adui wenyewe, mpaka wapewe macho ya kutengenezwa. Nikamwambia kwamba adui huyu si mgeni, ni seli ya mwili uleule iliyoasi, na mara nyingine huvua vile vitambulisho ambavyo seli T huvitegemea.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema, kisha akanyamaza kidogo. "Na hiyo nguo, mwanangu, mnaifanyaje?"

Hapo alikuwa amegusa penyewe. CD19 haipo kwenye seli za saratani peke yake. Seli B, zile za kutengeneza kingamwili, zilizo nzima nazo zinayo, na matibabu haya huziteketeza pamoja. Ilichaguliwa kwa kuwa mtu anaweza kuishi bila seli B, akiongezewa kingamwili kwa dripu. Kuhusu ini au mapafu hatuwezi kusema hivyo, na ndiyo maana mimi huona kwamba katika saratani za viungo kama hivyo kutengeneza kipokezi si kazi kubwa kama kupata alama ambayo kipokezi hicho kitailenga bila kuua mgonjwa.

Nilimjibu kwamba nguo tunaichoma.

"Basi muwe na nyingine ya kumvisha," akasema. (Aliniuliza pia bei. Matibabu ya kwanza ya aina hii kuruhusiwa Marekani, mwaka 2017, yalitangazwa kwa dola 475,000 kwa mgonjwa mmoja, nilibadilisha mazungumzo.)

Majuma matatu baadaye, kwa kirusi kipya ambacho hakikuwa na nukta hata moja, mashine ilionyesha asilimia 52. Nilizichanganya seli hizo na seli za saratani ya damu zilizopandikizwa jeni ya kimulimuli, ambazo hutoa mwanga maadamu ziko hai. Kesho yake vishimo vya sahani vyenye seli T zisizovishwa kitu vilikuwa bado vinang'aa, na safu ya pembeni yake, yenye zile zilizovishwa, ilikuwa giza tupu.

Nilimpigia mama usiku uleule. Alishukuru Mungu, kisha akauliza kama zile seli zisizo na kosa zilipona. Nikamwambia kwamba kwenye sahani ile sikuwa nimeweka hata moja.