Siku Moja Maishani Mwangu: Gia, Dizeli na Lori la Chumvi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nimeshafungua geti la gereji yetu hapa Malindi. Chai na mahamri mawili, kisha kazi. Hadi saa tatu ni klachi ya pikapu na breki za tuktuk. Hayo hayana hadithi.

Saa tatu na robo likaingia lori la chumvi kutoka Gongoni, gia otomatiki, limejaa. Mwenyewe yuko ndani, dereva kanyamaza kimya.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Fundi, hili linakula dizeli. Kama si huyu anayeninyonyea, basi ni gia. Nichezee hiyo kompyuta ziingie mapema. Dakika tano tu, au sivyo?"

Wengi hudhani kazi yangu ni kuchomeka waya na kubofya. Kompyuta ya giaboksi hutazama zaidi mguu wa dereva kwenye mafuta na mwendo wa gari, ndipo iamue gia ipande au ishuke. Ikipanda mapema, injini huzunguka polepole na dizeli hupungua, ni kweli. Lakini lori lenye mzigo likipandishwa mapema mno, injini inagugumia, dereva anazidi kukanyaga, gia inashuka, inapanda, inashuka tena. Hapo hujaokoa kitu, na oili ya giaboksi inachemka bure. Nilimweleza mzee mara tatu. Mara tatu akatazama saa yake.

Saa nne tukaenda nalo mpaka Gede na kurudi, yeye akilalamikia hata dizeli ya safari hiyo. Mimi macho kwenye kifaa kinachosoma kompyuta ya lori. Gia ya juu, mwendo umetulia, injini inazunguka 2,000 kwa dakika, shafti inayoingia giaboksi 1,850. Maana yake toku konveta, kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi, haijifungi ili viwili hivyo vizunguke pamoja, na tofauti hiyo yote inapotea kuwa joto ndani ya oili. Kwa nini? Kifaa kinasema breki imekanyagwa, na mguu wa dereva uko kwenye mafuta! Kompyuta ikidhani breki imekanyagwa, haiifungi konveta.

"Taa za breki za hili huwa zinawaka tu," tanboi akasema, kama jambo la kawaida.

Nikalala chali chini ya dashibodi, miguu nje juani. Swichi ya breki, ndogo kama kidole gumba, imelegea kwenye nati yake, na nati imeshikwa na kutu ya chumvi. Sijui ilinichukua muda gani. Adhuhuri iliadhiniwa nikiwa bado humo, jasho likiniingia machoni, mzee akiuliza kila mara, "Bado?"

Baada ya swichi ndipo nikagusa gia. Ya nne kwenda ya tano ilikuwa inapanda injini ikifika mizunguko 2,300; nikaiteremsha hadi 2,000, kwa mguu mwepesi pekee. Mguu wa kukanyaga mpaka chini sikuuchezea, maana kuna siku dereva atahitaji nguvu ya kulipita gari jingine. Tukarudi Gede. Safari hii konveta ikajifunga, ikatulia.

Jua lilikuwa limeshainama. Nikawaambia wajaze tangi mpaka shingoni, na likirudi kutoka Mombasa wajaze tena pampu ileile, ndipo tuhesabu lita.

"Kumbe ni swichi tu, na bei yote hii?"

"Mzee, swichi ni bei yake. Iliyobaki ni ya kuitafuta."

Akalipa. Dereva hakuombwa radhi. Alipewa ufunguo tu. Nikasimama getini nikilitazama likiondoka, taa za nyuma zimezima, mpaka lilipofika kwenye tuta. Zikawaka nyekundu, zikazima.