Siku ya tatu mpe jembe

Bwana asifiwe wapendwa, wiki hii nimekaa na mstari mmoja tu, Waefeso 2:19, "Basi tangu sasa ninyi si wageni wala wapitaji, bali ninyi ni wenyeji pamoja na watakatifu, watu wa nyumbani mwake Mungu." Nausoma asubuhi, nausoma tena usiku, na kwakweli unanichoma.

Unanichoma kwa sababu sisi kwa kukaribisha tumejaliwa. Mgeni akiingia Jumapili anasimamishwa, anapigiwa makofi, anaimbiwa, anashikwa mkono na watu mpaka mkono unauma, alafu Jumapili inayofuata tunamkaribisha tena, na inayofuata tena, na mwaka unaisha bado ni "mgeni wetu". Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi tunaisema hii methali kama ya kumfukuza mtu aliekaa sana, mimi siku hizi naisikia tofauti. Jembe hapewi mpita njia, akipewa ujue ashakua wa hapa.

Nakumbuka mimi mwenyewe nilivyoingia kanisa letu la Mennonite. Miezi mitatu ya kwanza nilisalimiwa vizuri sana na sikumjua mtu hata mmoja. Sasa ikafika siku ya meza ya Bwana na kutawadhana miguu, wanaume upande wao wanawake upande wao, mi nimekaa pembeni najifanya natafuta mstari kwenye Biblia ili zamu inipite. Mzee mmoja akaja na beseni akapiga magoti mbele yangu, mtu wa umri wa baba yangu! Nikamwambia hapana mzee, acha tu. Hakunihubiria, alitabasamu akabaki palepale amepiga magoti anasubiri, mpaka nikavua viatu mwenyewe. Ndo nikaelewa Petro aliposema "Wewe hutanitawadha miguu kamwe" haukua unyenyekevu wote ule, kuna ka kiburi ndani yake, na Bwana akamjibu kwa ukali kidogo, "Kama nisipokutawadha, huna shirika nami" (Yohana 13:8).

Lakini kilichonifanya nibaki sio miguu. Tulipomaliza yule mzee akanipa lile beseni akasema kamwage maji alafu urudi umtawadhe yule kijana pale, hana mtu. Mimi! Hata mafundisho ya ubatizo sijamaliza. Nikaenda nikamwaga maji nikarudi, na toka siku ile sijaitwa mgeni tena.

Baadae nikisoma habari za wazee wetu wa imani nikakuta ni kitu cha tangu mwanzo. Tarehe 21 Januari 1525 kule Zürich, Uswisi, wamekusanyika nyumbani kwa mtu, baraza la mji halitaki hata wakutane. Conrad Grebel, ambae hakua mchungaji wala padre, akambatiza George Blaurock kwa imani aliyoikiri mwenyewe akiwa mtu mzima. Blaurock alikua amefika mjini juzijuzi tu, yani mgeni kabisa, na maji hayajamkauka kichwani akaanza kuwabatiza wengine waliokuwepo. Hakuna alieambiwa subiri kwanza tukuzoee. Na Menno Simons, ambae jina lake ndo tunaitwa nalo, siku hiyo hakuwepo, alikuja kuacha upadre 1536, miaka 11 mbele. Kanisa zima tunatembea na jina la mtu aliekuta wenzake wameshaanza.

Najua kuna watakaosema ndugu, huwezi kumpa mtu usiemjua kazi ya kanisa. Sawa, funguo za sanduku la sadaka usimpe, na watoto usimwachie mtu hamjamfahamu, hapo sibishani. Ila viti je? Kusoma somo? Kwenda na wenzake kumwona mgonjwa? Tunajulikana kwa amani, hatugombani na mtu, na wakati mwingine nahisi tumejificha humohumo, maana hata na mtu usiemjali hamtagombana.

Kuna dada anakaa benchi la nyuma karibu na mlango, hii ni Jumapili ya tano sasa. Ibada ikiisha tu anatoka, na kila mara nimemwambia "karibu tena" na yeye amenijibu "asante". Jumapili hii nimepanga nimfate na mke wangu kabla ibada haijaanza, tumpe vitabu vya nyimbo atusaidie kugawa. Anaweza akakataa, mi nilikataa hata kuoshwa miguu. Akikataa tutakaa nae palepale nyuma tusubiri kidogo.