Nilivyohamisha santuri za bendi kubwa za Marekani kwenda kwenye kompyuta bila kupoteza sauti za waimbaji

Santuri nilizoshughulikia ni za kati ya 1938 na 1944: Ella Fitzgerald akiwa na bendi ya Chick Webb, Helen Forrest akiwa na Artie Shaw, Frank Sinatra akiwa na Harry James na baadaye Tommy Dorsey. Ni za inchi 10, kila upande dakika 3 hivi, na zimetengenezwa kwa shelaki. Spiriti huyeyusha shelaki, kwa hiyo anayeisafisha kama LP (santuri ndefu) ya plastiki anaiua hapo hapo. Nilitumia nusu lita ya maji yaliyokenekwa, tone moja la sabuni ya vyombo na brashi laini, nikizunguka kufuata mfereji na kuiacha lebo kavu. Santuri za kampuni ya Columbia za miaka hiyo zina matabaka ndani. Yenye ufa ukingoni nilipitisha brashi kavu tu, maana maji yakipenya, matabaka huachana.

Ncha ya sindano ya LP ina nusu kipenyo cha mikroni 18 hivi (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), na mfereji wa santuri hizi unataka mikroni 75. Ile nyembamba huzama hadi chini kwenye uchafu, ukasikia mkwaruzo kuliko muziki. Niliweka uzito wa gramu 4 juu ya sindano. Mashine yangu ya kuchezea santuri haina kasi ya mizunguko 78 kwa dakika, basi nilirekodi kwa 45, nikaongeza kasi kwenye programu ya Audacity mara 1.739, kwani kasi halisi ya Marekani ni 78.26. Kikuza sauti kiwe kisichogusa besi wala treble. Marekebisho hayo yafanywe baada ya kuongeza kasi, la sivyo yanaangukia masafa yasiyo yake. Kisha unganisha chaneli mbili ziwe moja: kelele za sindano kupanda na kushuka hufutana, wimbo unabaki.

Kazi ngumu ipo karibu na lebo. Katika santuri za kuchezea dansi bendi hutangulia, mwimbaji huingia katikati, na mwishoni tarumbeta na tromboni hupiga kwa nguvu zote. Huko mwishoni ndiko mfereji hupita polepole zaidi chini ya sindano, na ndiko sindano za chuma za zamani zilikochimba kuta vibaya. Nilikuwa na sindano tatu, za mikroni 65, 75 na 90, nikajaribu kila moja kwenye sekunde 20 za mwisho kabla ya kuchagua. Ya 65 au 90 mara nyingi hugusa sehemu ya ukuta ambayo haijalika. Kiwango cha kurekodi pia kipimwe hapo. Ukikipima mwimbaji anapoanza, tarumbeta zitapasuka.

Kasi nilihakikisha kwa piano. Bendi hizi zilipenda funguo (ngazi za sauti za wimbo) za F, B bemoli na E bemoli. Wimbo ukiangukia kati ya funguo mbili, kasi si sahihi. Kasi ikizidi asilimia 2 tu humfanya Sinatra asikike kama kijana mdogo zaidi.

Milio mifupi niliiondoa kwanza, kabla ya marekebisho mengine, maana ikiwa bado mikali programu huitambua kwa urahisi. Mvumo wa nyuma niliupunguza desibeli 4 au 5 tu. Zaidi ya hapo pumzi ya Helen Forrest inapotea pamoja na brashi za ngoma, na kwangu huo ni uharibifu kamili. Santuri za wakati wa vita huvuma zaidi, kwa kuwa shelaki iliadimika na mabaki yalisagwa yakatumika tena.

Kwenye jina la faili niliandika tarehe ya kurekodiwa na namba iliyochorwa karibu na lebo. Lebo peke yake hupotosha. “All or Nothing at All” ya Sinatra na Harry James ilirekodiwa Agosti 1939, ikavuma ilipotolewa upya 1943, wakati wanamuziki wa chama chao walikuwa wamegoma kurekodi tangu Agosti 1942.