Sekunde ya 38

Ile memori kadi niliyodhani ilipotea tulipohama Tanga imepatikana. Ilikuwa ndani ya kopo la vifungo, imeviringishwa kwenye kipande cha gazeti. Binti yangu ndiye aliyeiona, akaichomeka kwenye kompyuta kabla sijajua anafanya nini, na mimi nikiwa jikoni nikasikia sauti ya Bibi inatoka sebuleni.

Nilikwenda na mwiko mkononi. Sauti ile sijaisikia zaidi ya miaka 10.

"Mama, huyu bibi anatafuta nini?"

Ilikuwa 2012, uani kwetu, Ngamiani. Bibi alikuwa ameanza kutushuku kwamba tunamwibia kanga. Alikuwa anaamka usiku wa manane anafunga mtandio, anasema anachelewa sokoni. Shangazi alikwishatoa hukumu: Bibi ni kiti, ana pepo aliyetulia miaka yote na sasa anadai haki yake. Kwetu pwani neno hilo halimtishi kila mtu. Pepo ana jina, ana kabila, ana anachokitaka. Fundi, yaani mganga wa pepo, humuuliza, akapewa, wakapatana, akatulia. Hakuna aliyetaka kumdhuru Bibi. Naomba hilo lieleweke, maana filamu nyingi za pepo zinajua njia moja tu, kukemea na kufukuza.

Binamu yangu alikuwa na DVD ya Paranormal Activity, filamu ya kutisha iliyopigwa kama video ya nyumbani. Tuliitazama mara tatu na tuliamini kabisa ni kweli. Haina muziki wa kukuambia sasa ogopa. Waigizaji, Katie na Micah, wanaitwa kwa majina yao halisi. Nyumba ni nyumba tu, kitanda, mlango, korido yenye giza. Baadaye sana nilikuja kujua kwamba ilikuwa nyumba ya mwongozaji mwenyewe, Oren Peli, huko San Diego, na kwamba alipiga picha kwa siku 7, kwa dola kama 15,000. Wakati ule tulichokiona ni Katie anaamka usiku, anasimama kando ya kitanda anamtazama mwenzake aliyelala, na saa pembeni mwa picha inakimbia. Saa nzima, saa mbili. Hasogei.

Bibi alikuwa anasimama vivyo hivyo. Binamu ndiye aliyesema, tumrekodi, Shangazi apate ushahidi wa kumpelekea fundi.

Usiku wa kwanza tuliegemeza simu kwenye chupa ya mafuta ya nazi juu ya kabati. Tuliambulia giza tupu. Usiku wa pili tukakaa macho, yeye na kurunzi, mimi na simu.

Saa nane Bibi alitoka. Alipita karibu yetu asituone, akaenda hadi ukuta wa stoo, akasimama ameuelekea. Kanga imekunjwa vizuri mkononi, pembe kwa pembe, kama ya kumpelekea mtu aliyejifungua. Alikuwa anaupapasa ukuta kwa kiganja, polepole, juu, chini, pembeni. Binamu akawasha kurunzi. Bibi akageuka. Macho yake yaling'aa kwa ule mwanga, na moyo wangu ukanipasuka, maana niliikumbuka ile filamu.

"Nani mwenye taa?"

Tukanyamaza.

"Mwanangu, nionyeshe mlango. Sijui hapa wapi. Naogopa."

Hiyo ni sekunde ya 38. Video ina dakika 1 na sekunde 47. Nimehesabu jana usiku, binti yangu alipokwisha lala. Baada ya Bibi kuniambia anaogopa, niliendelea kumpiga picha kwa sekunde 69. Mkono wangu unatetemeka kidogo, lakini haushuki. Namsikia binamu anavuta pumzi. Bibi anaukinga uso kwa ile kanga, anageukia ukuta, anapapasa tena.

Mengine yalikwenda haraka. Shangazi aliitazama video akalia, fundi akaitwa, ubani ukafukizwa, ngoma ikapigwa. Pepo alipoulizwa jina, Bibi alitaja jina lake mwenyewe, lile la utotoni. Fundi akasema pepo huyu mbishi. Mwaka uliofuata daktari alimuuliza Bibi tarehe na majina ya watoto wake, akatuambia ubongo wake unadhoofika, kumbukumbu zinaondoka na hazitarudi. Mwaka 2014 tulimzika. Shangazi hadi leo anasema tuliacha kazi ya fundi katikati, na mimi sina la kumjibu, kwa sababu daktari naye hakuwa na dawa.

Nikiwa Dar es Salaam rafiki yangu alinionyesha The Taking of Deborah Logan, ya Adam Robitel. Nayo ilitoka 2014. Wanafunzi wanakwenda na kamera kwa mama mzee mwenye Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, wapate filamu ya masomo yao. Wenyeji wanakubali kwa kuwa wana shida ya fedha, nyumba inataka kuwaponyoka. Jill Larson anamwigiza yule mzee, na kwa muda mrefu mimi sikuona pepo. Nilimwona mtu anayemvaa mmoja wa wale vijana akidai kamwibia kisepeto chake cha bustani. Ile hasira naijua. Ya kwetu ilikuwa ya kanga.

Kisha filamu ikaamua. Ni roho ya muuaji aliyekufa imemwingia, tena ya kutisha kweli, hadi kwenye ile picha ya mzee anapanua mdomo kama nyoka ammeze mtoto kichwa, ambayo watu wameisambaza kila mahali. Wenzangu walipiga kelele. Mimi ndipo nilipoacha kuogopa. Kile kilichokuwa kinanibana koo kilikuwa kimekwisha: mama mzee aliyepotea ndani ya nyumba yake, na watu wazima wamemzunguka na taa.

Wapenzi wa filamu hizi huuliza, huyu mshika kamera kwa nini haitupi akakimbia? Wanacheka, wanasema mwandishi wa hadithi hana akili. Mimi siwezi kucheka. Ukiwa nyuma ya kioo kile kidogo unaona kama yanayotokea yako ndani ya simu, na kazi yako ni kuishika tu isianguke.

Jana binti yangu aliirudisha video mwanzo, akaitazama yote, amekunja uso.

"Halafu mkamwonyesha mlango?"

Nilimwambia hapana. Tulikimbilia ndani tukajifunika shuka. Asubuhi Shangazi alimkuta ameketi chini ya ule ukuta, kanga bado imekunjwa mapajani.

Hakusema kitu. Aliichomoa kadi, akaiviringisha tena kwenye gazeti lake, akanipa.