Kamba ya Kiatu Karibu na Lac Vert

Mwezi wa Julai 2016, mtoto wa baba yangu mkubwa alinishawishi tukimbie kutoka Himbi, mtaa wa Goma, mashariki mwa Kongo, tulikokuwa tunakaa, hadi Sake, bila kusimama na bila kupanda moto, yaani pikipiki ya abiria, hata kidogo. Nilimwita Yaya, kwa kuwa alinizidi miaka sita, na katika nyumba yetu Yaya akiamua jambo mdogo wake hutafuta viatu. Kutoka katikati ya Goma hadi Sake ni kilomita takriban 25. Sisi, tuliokuwa tunaanzia upande wa magharibi wa mji, tulikadiria kwamba zingebaki 21 na ushei, yaani nusu marathoni ambayo hakuna mtu angetuandalia wala kutupigia makofi.

Wageni wakisikia jina la Kivu huwaza milima tu, na hawakosei sana, kwa sababu Nyiragongo yenye mita 3,470 inautazama mji kutoka kaskazini, na ukifika Sake unaona barabara ikianza kuipanda milima ya Masisi kwa kona zisizokwisha. Lakini kati ya Goma na Sake, kando ya ziwa, kuna ukanda ambao mkimbiaji aliyezoea vilima vya Bukavu angeuita uwanja. Lava ya zamani ilimwagika hapo, ikaganda, ikavunjika, ikaota majani, na watu wakapanda maharage, viazi vitamu na migomba katika udongo mweusi uliojaa kati ya mawe. Miaka ya 1938 hadi 1940 lava ya Nyamulagira ilifika mpaka ziwani karibu na Sake, kwa hiyo hata nchi hiyo inayoonekana imetulia haijatulia muda mrefu. Ziwa lenyewe liko mita kama 1,460 juu ya usawa wa bahari. Ni pwani ya namna yake, isiyo na chumvi wala minazi.

Tulitumia majuma matatu kuchagua njia, na lazima nikiri kwamba majuma hayo yalinifurahisha kuliko mbio zenyewe. Nilikuwa na daftari la shule ambamo nilichora kila kipande: wapi kuna lami, wapi kuna changarawe nyeusi inayoingia kiatuni, wapi jiwe la lava limechongoka kiasi cha kukata soli. Njia ya kwanza ilikuwa barabara kuu, inayopita Entrée Président, Ndosho na Mugunga. Ubaya wake ni kwamba katika kiangazi malori yanakufunika vumbi mpaka unatema mate meusi, na chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, iliyobeba magunia ya makala haikupishi. Si kwa ukorofi, bali kwa sababu mwenye kuisukuma akiipoteza kasi yake hapo, ataililia mpaka jioni. Njia ya pili ilikuwa vichochoro vya juu, ambavyo tulivikataa siku ileile kwa ajili ya vifundo vya miguu yetu. Ya tatu ilikuwa ya chini, karibu na ziwa, kuelekea ziwa dogo la Lac Vert na Bulengo, kisha kurudi barabara kuu baada ya Mugunga. Yaya aliipenda hiyo. Ilikuwa na vijia laini vilivyokanyagwa na wakulima, kivuli cha mikaratusi, ukimya, na juu ya yote ilikuwa tambarare. Pale ambapo haikuwa tambarare, ilishuka, na mkimbiaji gani hukataa mteremko?

Neno mazuku tulilijua. Hakuna mtoto wa Goma asiyelijua. Tulikuwa tumesikia kwamba kuna mahali ambapo mbuzi huingia kulisha na asitoke, ambapo mtoto hulala kidogo kando ya shamba na haamki. Lakini mimi nililiweka neno hilo pamoja na hadithi za bibi, mle ndani ya kapu la mambo yanayowapata watu wengine, na katika daftari langu lenye alama za changarawe na vumbi hamna hata mstari mmoja uliolitaja.

Tuliondoka Jumamosi saa kumi na moja alfajiri, ili tulitangulie jua. Hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani la mgomba, na ziwa lilikuwa limelala kama mafuta ndani ya sufuria. Yaya alikuwa mbele, mimi hatua kumi nyuma yake, na kwa muda mrefu hatukusema neno. Tulipokaribia Lac Vert, tukiwa tumemaliza kama theluthi ya safari, kulikuwa kunapambazuka. Mama mmoja alikuwa amekaa juu ya jiwe kwenye ukingo wa shamba lake, jembe likiwa miguuni, mtoto mgongoni, bila kufanya kazi yoyote. Nilishangaa kidogo kumwona mkulima aliyewahi hivyo halafu akakaa tu.

«Batoto yangu, munaenda wapi?» akatuuliza. «Musishuke kule.»

Tulimwamkia kwa adabu, tukainua mikono, tukapita. Mtu aliyezoea kukimbia na saa mkononi ana kiburi cha ajabu: kila anayemsemesha anamwona kama mtu anayetaka kumwibia dakika.

Kijia kilishuka ndani ya bonde dogo, pana kama kiwanja cha mpira na lenye kina cha kimo cha mtu hivi, nyasi zake zikiwa za kijani kuliko za pembeni. Yaya aliingia, na akiwa chini kabisa kamba ya kiatu chake cha kulia ikafunguka. Akasimama, akainama kuifunga.

Mimi nilikuwa bado juu ya ukingo. Nilichokiona kwanza ni kwamba alikawia. Kisha nikaona kiganja chake kikitafuta ardhi, kama mtu anayepapasa swichi gizani, na goti moja likashuka. Nilifikiri ameteguka. Nilikuwa nimeshapiga hatua ya kumfuata, ndipo mkono ukanishika fulana kwa nyuma na kunivuta kwa nguvu ambayo sikuitegemea kwa mtu aliyebeba mtoto.

«Ukiingia, nitalia babili», mama yule akasema, wala hakuniangalia. Alikuwa anampigia Yaya kelele: «Simama! Inua kichwa yulu! Simama, usivute pumuzi!»

Aliirudia sentensi ile mara tatu au nne, kwa sauti ya mtu anayemfukuza ng'ombe shambani, na namshukuru Mungu kwamba Yaya ni mtu aliyelelewa kutii sauti za akina mama. Alisimama. Aliyumba, akaupandisha uso juu kama mtu anayevuka mto wenye maji ya kidevuni, akaja upande wetu kwa hatua zisizolingana. Alipofika ukingoni akaanguka kifudifudi kwenye majani ya maharage ya mama yule na kuanza kuhema. Hema ile sikuwahi kuisikia kwake hata baada ya mazoezi ya kupanda mlima Goma.

Baadaye alinieleza kwamba alipoinama alisikia kitu kikimchoma puani, kama pale unapofungua chupa ya soda na kuinusa upesi. Soda ndiyo mfano sahihi, kwa kuwa ni hewa ileile. Mazuku ndiyo hayo: hewa ukaa hutoka ardhini kupitia nyufa za lava, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida karibu mara moja na nusu, hutiririka na kutuama mabondeni kama maji, haina rangi ya kukuonya, na usiku usio na upepo hujaza bonde mpaka magotini, pengine mpaka kiunoni. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupita na asijue alichokikanyaga. Anayeinama kuokota kitu, mtoto, kuku, mbuzi, hao hawana kimo cha kuwaokoa. Na mkimbiaji, nikaelewa nikiwa nimekaa pale, huvuta pumzi nyingi kuliko mtu yeyote.

Mama hakutueleza kwa maneno hayo. Alituonyesha kwa kidole. Kulikuwa na ndege mdogo wa kahawia katikati ya nyasi, mbawa zimekunjwa vizuri, na karibu naye mijusi wawili, wote wakiwa kwenye kijia kilekile nilichokiandika daftarini kwa maneno «laini, hakuna mawe». Alisema yeye huja mapema ili asiibiwe mazao, lakini hashuki kulima upande ule mpaka aone migomba inatikisika, yaani upepo wa ziwa umeamka na jua limechoma. Mtoto wake hamlazi chini hata siku moja. Nilimuuliza kwa nini hapana kibao. Alicheka, akasema kilikuwepo, mtu akakichukua akapikie, na akageuza shingo kutazama migomba yake.

Alitupa maji katika kikombe cha plastiki na kiazi kitamu kilichopoa, tukala kwa kupokezana. Yaya alitapika kiasi chake. Kichwa kilimuuma mpaka siku ya pili, na midomo yake, ambayo nilikuwa naitazama kila nukta bila kumwambia, ilirudi kuwa na rangi ya kawaida jua lilipopanda. Safari ya kurudi tuliifanya kwa moto, watatu juu ya pikipiki moja pamoja na dereva, na hakuna aliyekumbusha nadhiri yetu.

Sake tulifika katikati ya Agosti, kwa barabara kuu, tukiwa tumeondoka saa mbili asubuhi huku bendera za plastiki za vibanda zikipepea. Tulikula vumbi la malori yote ya Masisi na kupishana na chukudu zisizohesabika, na kwa mara ya kwanza sikuzilaumu, kwa sababu lami ile mbovu imeinuka juu ya mashamba na upepo unaipitia. Tulitumia saa mbili na dakika 26. Kule mwisho tulinunua sambaza, dagaa za ziwani, za kukaanga kwa mama aliyekuwa na beseni kando ya barabara, na tukazila tumesimama.

Daftari ninalo hadi leo. Kipande cha Lac Vert nilikifuta kwa kalamu nyekundu, nikaandika pembeni saa ambayo migomba huanza kutikisika. Yaya naye anaendelea kukimbia, ingawa ana watoto wanne na tumbo kidogo, na kamba yake ikifunguka njiani haiinamii. Anatembea, wakati mwingine hatua mia nzima, kiatu kikipigapiga, mpaka apate jiwe refu au kizingiti cha ukuta, anaweka mguu juu yake, na anaifunga akitazama mbele.